Siku Niliyoungama Maini Kanisani

Aibu niliyojipatia kanisani Nangwa siwezi kuificha, maana waumini wote walikuwepo, na wengine wanaikumbuka kuliko mahubiri ya siku ile. Bora niseme mwenyewe.

Miaka ile ya mashamba ya ngano ya serikali nilikuwa bwana afya, nakagua nyama machinjioni Katesh. Ini la ng'ombe likiwa na madoa meupe nalikataa, linafukiwa shimoni, hakuna mjadala (nilijiona profesa wa maini). Sasa nikapasuliwa kutolewa mawe kwenye mfuko wa nyongo, na daktari akaniambia ameona vidoa vyeupe vingi kwenye ini langu, amekata kipande kidogo kikapimwe, nirudi baada ya wiki tatu kuchukua jibu. Sikurudi. Nirudi kufanya nini, mtu wa maini kama mimi? Ningekuwa ng'ombe, ningeshafukiwa.

Nikaanza kujiandaa kufa, na kilichonikosesha amani ni Margwe, mwenye bucha. Msimu wa kuvuna, madereva wa kombaini wakigombania maini, mara kadhaa nilimkatalia Margwe ini zima kabisa, lisilo na doa, nikasema lina minyoo, nikalibeba eti naenda kulifukia, kumbe nakwenda kulikaanga kwangu na vitunguu. Ningemwambia Mungu nini? Jumapili nikaomba nafasi, nikasimama mbele, nikasema yote huku nalia (hata vitunguu nikavitaja, sijui kwa nini), nikamalizia kwamba ini langu limeharibika na ninawaaga.

Mama yangu akaanza kulia. Ndipo akasimama Sista Agnes, nesi wa hospitali niliyopasuliwa, aliyekuwa amekuja kunitafuta kwa sababu sikurudi kuchukua jibu.

"Bwana Afya, jibu lako ninalo. Huumwi. Ulipokuwa tumboni mwa mama yako, ini lilikuwa linajitengenezea mirija midogo sana ya kupitisha nyongo. Mingine haikukaa sawasawa, ikabaki hivyo vidoa. Umezaliwa navyo. Wengi wanazeeka navyo bila kujua."

Jamani, nilisahau hata aibu. Nikajishika tumbo pale mbele ya watu. Maini yote yale niliyopasua, na kumbe langu lilichorwa kabla sijapewa hata jina, nikachunga nalo, nikaoa nalo, halikunidai kitu! Mama akafuta machozi, akasema, "Mwanangu, mwaka ule nilikuwa napalilia mahindi, na Mungu anafanya kazi ndogo namna hiyo humo ndani, mimi sisikii chochote!" Mpaka leo nayafikiria maneno yake.

Kisha Margwe akasimama. "Kwa hiyo hufi?"

"Sifi, kaka."

"Mungu ni mwema. Basi kesho alfajiri uje machinjioni, tuongee ukiwa mzima."

Nilikwenda. Wachinjaji wote walinisubiri wamekunja mikono. Margwe akaweka ini mbele yangu, akanipa kisu. Nikalipasua taratibu, nikaiangalia ile mirija inavyogawanyika, midogo na midogo zaidi, mpaka macho yakashindwa. Nikasema, "Ini hili ni zima." Margwe akasema, "Rudia, hawajasikia." Nikarudia kwa sauti.

Tangu siku hiyo sihukumu ini, la ng'ombe wala langu, bila kungoja jibu la anayejua. Na nyumbani kwangu tunakula mchicha.