Mama Breki Anunua Laptop

Mguu wa kulia wa Mama Breki ulikuwa na sifa mtaa mzima. Alikuwa mwalimu wa udereva, na kale kagari keupe ka shule yao kalikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine ya mwalimu. Hiyo ya pili ndiyo iliyompa jina. Wanafunzi walisema mguu wake unaona hatari kabla ya macho yake. Alikaa kutwa kiti cha abiria, mwendo wa kobe, akirudia yale yale: "Tazama kioo. Washa ishara. Taratibu. Nimesema taratibu." Jioni alirudi nyumbani paja limekaza kama kamba ya kuanikia nguo.

Sasa jiulize, mtu anayewafundisha wenzake kuendesha miaka nenda miaka rudi, yeye mwenyewe anaendesha lini? Haendeshi. Nyumbani hawakuwa na gari, na lile la shule likishaegeshwa, ufunguo hubaki kwa mkuu wa shule. Mama Breki alikuwa kama mpishi anayeonja chumvi tu, chakula kikaliwa na wengine.

Aliyemfungulia mlango alikuwa dada yake mkubwa, muuguzi mstaafu aliyeishi mji mwingine, mbali. Siku moja dada huyo alimtumia ujumbe wa sauti kwenye simu: "Mdogo wangu, leo nimepeleka saruji mpaka mpakani, na mvua ile." Mama Breki akadhani dada ana homa. Kumbe wanawe walikuwa wamemnunulia laptop ili asichoke na upweke, na ndani yake alikuwa amekuta gemu ya malori. Unachagua mzigo, unawasha injini, unashika barabara. Kuna taa za barabarani, kuna mizani, kuna trafiki. Tena mkiwa na intaneti, watu wawili walio mbalimbali wanaweza kuongozana njia moja, kila mmoja na lori lake.

Likizo ilipofika Mama Breki akaenda kumsalimia. Alipewa kiti "ujaribu kidogo tu". Alipoinua kichwa, chai yake ilikuwa imeshapoa na kufanya ngozi juu. Alikuwa amevuka milima miwili na lori la magogo, peke yake, bila mtu wa kumwambia taratibu. Tangu siku hiyo, kila akiwa kwenye kiti chake cha abiria, akili iko mlimani.

Bahati ikamwangukia kupitia kazi. Mkuu wa shule alitangaza kwamba masomo ya alama za barabarani yataonyeshwa kwa picha, na kila mwalimu ataandika ripoti za wanafunzi wake mwenyewe. Kompyuta ya ofisini ilikuwa moja, na ukiiwasha unaweza kwenda sokoni ukarudi ukaikuta bado inawaza. Mama Breki alikuwa na akiba yake. Haikutosha kwa mashine za wakubwa, lakini ilitosha kwa kitu cha heshima, cha bei ya kati.

"Nataka kununua laptop," alimwambia mumewe. "Ya kazi."

Hakusema uongo. Alisema nusu.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na kila mtu, mkewe akiwemo, alimwita Fundi. Alikuwa mtu mpole, mkimya, ambaye futi ya kupimia haikutoka shingoni hata akienda msibani. "Ya kazi ni jambo jema," alisema. "Tutakwenda wote. Wewe unajua magari, mimi najua kukagua kitu."

Jumamosi asubuhi, kabla hawajatoka, Mama Breki alijifungia jikoni na kumpigia dada yake.

"Sikiliza," dada alisema, kwa ile sauti ya wodini. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Usitazame ganda. Uliza memori, isipungue giga kumi na sita. Uliza kama ina kadi yake yenyewe ya picha, maana isiyo nayo itakuhangaisha kwenye gemu. Diski iwe ile ya kisasa, isiyo na sahani inayozunguka ndani. Na usilipe kabla hujaitumikisha mpaka ipate joto. Mgonjwa hapimwi homa akiwa mlangoni."

"Na Fundi je? Hajui habari za gemu."

"Atajua leo," dada alisema, akakata simu.

Duka lilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu. Laptop zilipangwa mezani, vifuniko wazi, kila kioo kiking'aa kwa picha ya bahari au maua. Mama Breki alihisi moyo unamdunda kama wa mwanafunzi siku ya mtihani. Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, mikono ya blauzi ameikunja mpaka kwenye viwiko.

"Karibuni mama, karibu baba. Mnatafuta ya nani?"

"Yangu," alisema Mama Breki.

"Vizuri. Ya kazi za kawaida? Kuandika, barua pepe, kutazama video?"

"Hizo zote." Akamtupia Fundi jicho. "Na gemu."

Fundi aligeuza shingo taratibu. "Gemu ya nani?"

"Yangu."

"Gemu gani?"

"Ya malori."

Fundi alishika ncha mbili za futi yake, akawaza. "Tangu lini?"

"Tangu likizo. Kwa dada."

"Kumbe ndiyo maana mkipigiana simu ni saruji, saruji. Nikadhani shemeji anajenga. Nimekaa nikisubiri aniombe mchango."

Muuzaji alijifanya anafuta kioo ili asicheke. Mama Breki alisubiri aone kama mumewe atanuna, lakini Fundi alikuwa ameshaondoka zake. Alikuwa amesimama mbele ya laptop moja nyembamba, ya rangi ya fedha, akiipapasa ukingoni kama anayepima kitambaa cha suti.

"Hii," alisema. "Tazama walivyoimalizia pindo. Aliyeikata hii ana mkono."

Ilikuwa nzuri kweli, nyepesi kama sahani ya bati. Hata Mama Breki alihisi tamaa. Muuzaji hakuwa mtu wa kuficha. "Kwa kuandika na kutembea nayo, hamtajuta. Betri yake inakaa kutwa. Lakini haina kadi yake ya picha. Tuijaribu?" Kwenye mashine zote za dukani alikuwa ameweka gemu moja ya malori, maana wateja wengi, alisema, hawaamini mpaka waone.

Mama Breki alikaa, akavuta kiti mbele, akakinyanyua kidogo, akarekebisha kioo. Lori likaondoka. Lilikwenda vizuri barabara ya mashambani, lakini lilipoingia mjini, penye magari na majengo, picha ikaanza kukwama. Lori lilikuwa darajani, mara likawa ukutani, bila kupita popote katikati. Feni ikaanza kulia kama nzi ndani ya chupa.

"Hii ni mwanafunzi wa kwanza kabisa," alisema, akasimama.

Ya pili ilikuwa dubwana jeusi, vitufe vyake vikiwaka nyekundu, kijani na zambarau. Hiyo ililiendesha lori kama limepakwa mafuta. Hata matone ya mvua kwenye kioo cha mbele yalionekana moja moja. Mama Breki aliachia kicheko bila kujua. Lakini ilipotolewa kwenye chaja, betri ikashuka huku wanaiangalia, na bei yake ilikuwa ya kuisalimia kwa mbali. Fundi aliinyanyua na kuirudisha mezani haraka.

"Wanasema ni ya kuweka mapajani," alisema. "Labda ya mapaja ya fundi chuma."

Muuzaji alifikiri kidogo, kisha akainama na kutoa nyingine chini ya meza. Ilikuwa ya kijivu, nene kiasi, haina taa wala urembo wowote. "Hii kwa sura haina wapenzi," alisema. "Lakini memori ni kumi na sita, diski ya kisasa, na ina kadi yake ya picha. Ndogo, lakini ni yake. Ukiweka picha za gemu kiwango cha kati, usitake makuu, itakubeba. Kasoro zake nakwambia kabisa: spika zina sauti ya mgonjwa, na kamera yake itakufanya uonekane umeamka sasa hivi."

Mama Breki aliijaribu kazi kwanza. Akaandika sentensi mbili za ripoti. Vitufe vilikuwa laini, vimeachana vizuri, vidole vyake vinene havikukosea. Akaibeba mpaka dirishani penye jua kali, kwa sababu angeitumia ndani ya gari kuwaonyesha wanafunzi alama. Kioo chake hakikung'aa, na maandishi yalisomeka bila kukunja uso. Akarudi, akafungua gemu, akachagua njia ile ile ya mjini.

Lori likaingia mzunguko wa barabara. Magari kushoto, magari kulia. Halikukwama. Akapandisha gia, akatoka nje ya mji, mlima ukaanza. Feni ilisikika, lakini kama mtu anayehema baada ya ngazi, si anayelia. Mama Breki aliegemea mbele, mabega yameshuka, uso umefunguka. Wateja wawili waliokuwa wakiulizia chaja walisogea kutazama. Alimaliza mlima, akateremka kwa gia ndogo kama inavyotakiwa, akaegesha kinyumenyume kati ya mistari miwili, akatoa mikono kwenye vitufe.

Aliigusa chini kwa kiganja. Ilikuwa na joto la mkate, si la jiko.

"Hii," alisema.

"Ngoja," alisema Fundi. "Na mimi nikague."

Hapo lazima ijulikane kwamba Fundi hakuwahi kuendesha kitu chochote chenye injini. Zamani mkewe alijaribu kumfundisha, na somo la kwanza liliisha Fundi akiomba ashushwe kwenye kona atembee kwa miguu. Sasa alikaa, akauliza kitufe cha kwenda ni kipi, akakibonyeza kwa nguvu zote. Lori la mbao liliruka, likapita ukingo wa barabara, likaelekea moja kwa moja kwenye kibanda cha ushuru. Mguu wa kulia wa Mama Breki uliruka wenyewe, ukakanyaga chini, ukakosa breki, ukapiga mguu wa meza. Laptop zote za mstari ule zilitikisika. Muuzaji alizidaka mbili kwa mikono yote.

"Nisamehe," alisema Mama Breki, amefumbata kidole gumba cha mguu. "Ni kazi."

Wateja walikuwa hoi kwa kicheko. Fundi hakusikia. Alikuwa amelirudisha lori barabarani, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, kama anapotunga uzi kwenye sindano.

"Inuka tulipe," mkewe alimwambia.

"Subiri. Bado sijashusha mbao."

Wakalipa, muuzaji akawaandikia dhamana na kuwaonya wasiitumie juu ya kitanda, maana blanketi huziba matundu ya hewa. Mama Breki aliibeba mwenyewe njia nzima, ameikumbatia kifuani, akikataa kupokewa. Nyumbani gemu ilichukua mchana wote kushuka kutoka kwenye mtandao. Alipika, akaja kutazama. Alideki, akaja kutazama. Fundi naye alikwenda kwenye cherehani na mabaki ya kitambaa cha suti ya mteja, na gemu ilipokaribia kuisha kushuka alikuwa ameshashona mfuko wa laptop, una bitana na kifungo.

Jumapili baada ya chakula, Mama Breki akavaa visikizio na kumpigia dada yake kwenye gemu. Lori la dada, jekundu, lilikuwa linamsubiri kituo cha mafuta, taa zikipepesa.

"Umechelewa," dada alisema.

"Fundi alikuwa ameshika mashine. Nimemwondoa kwa nguvu."

Wakaongozana. Barabara ilikuwa ndefu, mashamba pande zote, mawingu yanajikusanya mbele. Dada aliyapita magari mawili kwenye kona bila kuwasha ishara.

"Dada, ishara."

"Huku hakuna wanafunzi. Kanyaga mafuta."

Akakanyaga. Lori lake la kijani likanguruma masikioni mwake, sindano ya mwendo ikapanda mpaka mahali ambapo mguu wake haukuwahi kuiruhusu, na Mama Breki akajikuta anaimba, sauti ya chini, wimbo hata hakumbuki maneno yake. Dada akaudakia. Waliimba vibaya mpaka bandarini, wakashusha mzigo, wakaegesha bega kwa bega.

"Kuna ngano hapa, ya kupeleka mbali," dada alisema. "Safari ndefu kidogo. Utaweza?"

"Ngoja nizime jiko," alisema Mama Breki.

Akakimbia jikoni, akazima jiko, akarudi akakuta Fundi amevuta stuli yake na kuketi karibu na kiti kilichokuwa wazi. Mama Breki akakaa, akavaa visikizio, akawasha injini.