Mvua Aliyoitunga Mwalimu wa Fidla

Mwalimu wa fidla alipenda mvua tangu utotoni, hata wenzake wakamtania kwamba angezaliwa bata asingelalamika. Alipoanza kutunga simfoni yake, kazi ya okestra nzima, sehemu ya pili aliipa mvua: fidla zikidonolewa nyuzi kwa vidole, filimbi zikishuka taratibu, tamu kama za kubembelezea mtoto.

Kisha mto ukavunja kingo. Ukasomba nyumba ya dada yake, na shemeji yumo ndani. Baada ya mazishi dada akaja kukaa kwake, akatandikiwa godoro sebuleni, ubavuni mwa piano.

Mwalimu akaifunga piano. Lakini ukumbi ulishakodiwa, wapigaji walimuulizia kazi yao, na kichwa chake mwenyewe hakikutulia. Alasiri moja, akidhani dada ametoka, akaipiga ile mvua kwa sauti ya chini.

"Kaka, hiyo ndiyo mvua?" Dada alisimama mlango wa jikoni, mikono ina povu la sabuni.

"Ndiyo. Nisamehe, dada. Nilidhani hupo."

"Haikuja hivyo."

Akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akasimulia. Vyura walinyamaza kwanza, wote kwa pamoja. Mume wake akasema afadhali, leo tutalala. Kisha ukaja mngurumo, si juu ya bati, bali chini ya sakafu.

Mwalimu alisikiliza machozi yakimtoka, na papo hapo, Mungu amsamehe, akihesabu mapigo ya muziki. Kesho yake akaifuta sehemu nzima, akaandika upya: kimya kirefu, kisha ngoma na fidla za besi zikipanda kutoka chini. Ruhusa hakuomba.

Siku ya onyesho dada alikaa safu ya mbele, kavaa gauni la kuazima. Kimya kilipoingia, mwalimu, mgongo kwa watu, akasikia kiti kikikwaruza, kisha mlango. Mikono yake ikaendelea kuongoza.

Ukumbi mzima ulisimama kushangilia. Mwalimu alimkuta dada nje, ameegemea ukuta.

"Nimekosea wapi?"

"Hukukosea popote. Ndiyo shida."

"Basi nitaitoa."

"Usiitoe." Akajifuta uso. "Ila yale ya vyura, kaka, nilikuambia wewe. Wao sikuwaambia."



Mwezi haukuisha, dada akahamia kwa shangazi yao, bila ugomvi. Simfoni inaombwa huku na huko, naye hakatai. Akienda kumsalimia dada, hupewa habari za majirani na goti la shangazi linalouma, basi. Mwalimu huitikia tu. Zaidi ya hapo hana la kudai.