Msiba wa Furaha Kinywani Mwangu

Baridi ilipokaribia, shule yetu ilinuka vumbi linaloungua. Kila mwanzo wa muhula wa pili mtunza shule alipita darasa hadi darasa akiwasha hita za gesi zilizokuwa zimelala tangu mwaka uliotangulia, na kwa siku mbili tatu tulisoma tukiwa tumeziba pua kwa mikono ya sweta. Huku Sydney, Aprili na Mei ndiyo miezi ya majani kupukutika. Mikaratusi haijali msimu wowote, lakini miti ya kigeni iliyopandwa kando ya barabara itokayo stesheni ya Doonside iligeuka rangi ya kutu, majani yakaanguka, yakalowa, yakanata kwenye soli za viatu vyetu hadi darasani. Asubuhi tulipanga mistari kuitwa majina huku tukitoa mvuke midomoni. Jumatano ilikuwa siku ya michezo. Wakati wa chakula cha mchana kila kundi lilikuwa na kituo chake: Wafilipino karibu na kantini, Wasamoa uwanja wa mpira, na sisi Waafrika, tusiozidi kumi na watano, kwenye ngazi za maktaba ambako jua lilikawia kidogo kuondoka. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na ndio muhula ambao nilimtenda rafiki yangu jambo ambalo mpaka leo sijalipatia jina jingine ila wizi.

Rafiki huyo aliitwa Furaha. Alikuwa Mkongomani, amefika Sydney na mama yake mwaka mmoja tu kabla ya muhula huo. Mimi ni Mrundi; nilivuka mpaka kuingia Tanzania nikiwa mgongoni mwa mama, bado nanyonya, nikalelewa kambini, na nilipotimiza miaka kumi tukaletwa Australia. Kwa hiyo Furaha alipoingizwa darasani kwetu bila Kiingereza, walimu walinitazama mimi. Nikawa ulimi wake. Nilimfasiria maelekezo ya hesabu, nilimjazia fomu za safari, nilikwenda naye kwa muuguzi wa shule. Yeye alinicheka kwa Kiswahili changu cha kambini, mimi nikamcheka kwa "mutu" na "muzuri" zake. Mama yake alisafisha ofisi katikati ya jiji, akirudi nyumbani kwa treni wakati sisi tunatoka kwenda shule, na mara nyingi tulikutana naye njiani akiwa na macho mekundu. Hakuacha kunisimamisha. "Odette, mwanangu," alikuwa akisema, "unisaidie huyu. Ni yeye peke yake nilibakia naye." Nami niliitikia, "Ndiyo, Mama Furaha," kwa fahari ya mtoto aliyekabidhiwa kazi ya mtu mzima.

Furaha alijua kukimbia. Muhula wa majani kupukutika ndio wa mbio za nyika, na mazoezi yetu yalipita nyuma ya uwanja, kwenye njia ya vichaka inayofuata kijito. Siku za kawaida kijito hicho kilikuwa uzi wa maji tu, tukikiruka kwa mawe. Jumatano moja baada ya mvua ya siku tatu tulikikuta kimefika magotini, maji ya rangi ya chai yanakwenda kwa kelele. Wenzetu walivuka wakipiga mayowe ya baridi. Furaha alisimama ukingoni amekakamaa kama kuni. Nilimvuta mkono, akauchomoa mkono wake kwa nguvu iliyonishtua. Wenzetu wakaendelea, sisi tukabaki tumekaa juu ya gogo lililolowa, na hapo, bila kunitazama, akaniambia.

Wakati huo, huko kwao, alikuwa na miaka kumi, na mdogo wake, Amani, sita. Walikuwa wanakimbia vita pamoja na watu wa kijiji chao, mama yao akiwa amepotezana nao tangu usiku wa kwanza. Walifika kwenye mto uliojaa. Watu wazima walishikana kuvuka, watoto wakapenya katikati yao. Furaha alikuwa amemshika Amani mkono. Katikati ya mto maji yalimfika kifuani, watu wakamsukuma kutoka nyuma, na mkono ule mdogo ukamwelemea. "Hakuniponyoka," aliniambia. "Nilimwachilia." Amani alikuwa amevaa sweta jekundu ambalo mama yao alilifuma mwenyewe, nyuzi zilimwishia, mkono mmoja akaufuma kwa kijani. Ndilo alilomwona nalo mara ya mwisho. Na alimsikia akiita, "Yaya, uningojee," kwa sababu kwao dada mkubwa huitwa yaya. Miezi kadhaa baadaye mama alipowakuta watu wa kijiji kambini, Furaha alimwambia kwamba Amani alikufa kwa homa katika nyumba ya watu wema njiani, na watu hao wakamzika vizuri, wakamwombea. Hakuna aliyemkanusha. "Usiambie mutu," alinisihi pale kwenye gogo. "Mama asijue hata siku moja." Nikaapa. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na siku ile nilijiona kata.

Juma lililofuata mwalimu wetu wa Kiingereza, Bi. Collins, alitangaza shindano la hotuba. Mada ilikuwa kitu ulichokipoteza. Bi. Collins alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kupenda vitabu kwa dhati, na alinipenda mimi pia. Niliandika kuhusu mkoba uliosahaulika kwenye treni. Alisoma, akatabasamu, akanirudishia. "Umeandika vizuri," alisema, "ila sikuoni humu ndani. Odette, wewe umetoka mbali. Najua unayo makubwa kuliko mkoba." Sikuwa nayo. Kambi ninayoikumbuka mimi ni foleni, vumbi na kuruka kamba. Lakini nilitamani sana awe amesema kweli. Mchana ule niliketi maktaba na kuandika hadithi ya mto toka mwanzo hadi mwisho, bila kufuta. Pale palipokuwa na Furaha niliandika mimi. Jina la Amani nililitoa, nikajiona nimekuwa mwangalifu. Sweta nililiacha, kwa sababu ndilo lililofanya maneno yasimame. Kauli ya mtoto pia niliiacha, tena kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiingereza ilipoa. Nilijiambia ni zoezi tu. Bi. Collins alipoisoma alivua miwani akapangusa macho, na kuanzia hapo sikuwa tena na ujasiri wa kusema ukweli. Nilishinda darasani, nikashinda kidato. Furaha hakujua, kwani vipindi hivyo yeye alikuwa kwenye chumba cha wanaojifunza Kiingereza. Aliponiuliza ninaandika nini, nilimjibu, "Mambo ya mkoba."

Fainali ilifanyika asubuhi ya mkutano mkuu wa shule, ndani ya ukumbi, siku ileile wakimbiaji walipopewa vyeti. Furaha alikuwa amewashinda wasichana wote katika mbio za nyika. Mwalimu wa michezo alikuwa amemwonyesha daraja dogo la kuvukia. Kwa ajili ya cheti hicho mama yake alikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa fulana ya kampuni ya usafi, akaketi safu ya wazazi kando ya mama yangu. Niliwaona wamekaa bega kwa bega. Ningeweza kukataa kupanda. Ningeweza kusema naumwa tumbo. Badala yake nilijituliza kwamba Mama Furaha hajui Kiingereza, na nikapanda jukwaani.

Nilisoma vizuri. Hilo ndilo linalonichoma zaidi: sauti yangu haikutetemeka mahali popote ambapo sikutaka itetemeke. Nilichosahau ni kwamba mama yangu alikuwa amefanya kazi miaka mitano katika nyumba ya kutunzia wazee na Kiingereza chake kilikuwa kimekua. Baadaye aliniambia alidhani ni mchezo wa kuigiza, maana alijua sina mdogo aliyekufa maji. Mama Furaha alimnong'oneza, "Mtoto anasema nini?" na mama yangu, kwa ukarimu tu, akaanza kumfasiria sikioni sentensi kwa sentensi. Nikiwa juu niliiona midomo ya mama yangu ikiwa sikioni mwake. Nilipofika kwenye sweta jekundu lenye mkono mmoja wa kijani, Mama Furaha aligeuza shingo polepole kunitazama. Halafu nikasema, "Yaya, uningojee," na hayo hayakuhitaji mfasiri. Hakupiga kelele. Alisimama, akapita mbele ya magoti ya watu, akatoka ukumbini. Furaha alikuwa safu ya wakimbiaji, cheti mapajani. Hakunitazama mimi, alikuwa anautazama mlango. Ukumbi ukanipigia makofi.

Jumamosi alasiri Furaha na mama yake walikuja nyumbani kwetu. Mama yangu, ambaye tayari alikuwa amenitoa ukweli wote jikoni, aliwapa chai na hakuna aliyeigusa. Mama Furaha aliketi wima na mkoba wake mapajani. "Odette," alisema, "uniambie yale maneno. Kwa Kiswahili. Yote." Nilianza. Waswahili husema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na alasiri ile nilijikwaa kwa kila neno. Kiingereza kilikuwa kimeyafanya mambo yale kuwa mazuri. Kwa Kiswahili yalikuwa mambo yenyewe: maji, mkono, mtoto. Nilipofika katikati ya mto nilishindwa kuendelea. Ni Furaha aliyemalizia. Alisema akiwa ameinamisha kichwa, kwa sauti ya chini, na hakujipunguzia hata kidogo. Alisema, "Nilimwachilia, Mama."

Mama Furaha alitazama dirishani. Nje jirani alikuwa anakata majani kwa mashine, akienda na kurudi. Kisha akasema, si kwa hasira, kama mtu anayesahihisha hesabu, "Miaka hii yote naombeaka watu walimuzika. Kumbe hakuna watu." Akainuka, akafunga koti lake, akatoka. Hakumwita binti yake. Furaha alibaki kwenye kochi letu mpaka giza lilipoanza kuingia, ndipo mama yangu akampeleka kwao. Mimi niliambiwa nibaki nyumbani, na kwa kweli hakuna aliyenihitaji.

Furaha alirudi shuleni baada ya juma moja. Hakuniita majina, hakunisema kwa wengine. Alihama tu kutoka ngazi za maktaba, akawa anakula peke yake karibu na uzio. Walimu walimwona anakonda, wakampangia mazungumzo na mshauri wa wanafunzi, na kwa kuwa mimi nilikuwa ulimi wake, nikaitwa kufasiri. Niliingia nikavuta kiti. Furaha alimtazama yule mshauri na kusema kwa Kiingereza, polepole, akilipima kila neno, kwamba afadhali asizungumze kabisa kuliko kuzungumza kupitia kwangu. Ilikuwa sentensi ndefu ya kwanza ya Kiingereza niliyomsikia akiisema, na haikuwa na kosa. Nilirudisha kiti mahali pake nikatoka. Hatua iliyofuata ya shindano sikwenda; nilimwambia Bi. Collins nina mafua. Hakuwahi kuujua ukweli, na mimi sikuwahi kumwambia. Kabla ya muhula kwisha Furaha na mama yake walihamia Macquarie Fields, upande wa pili wa jiji.

Imepita miaka mingi. Nilisikia habari zao kwa watu wa kanisa: kwamba mwaka mzima wa kwanza mama na binti walizungumza mambo ya chakula na treni tu, kwamba baadaye Mama Furaha alimwita mchungaji nyumbani, akamfanyia Amani matanga ya kweli, siku tatu, bila mwili wala kaburi. Mwaka jana Mama Furaha mwenyewe alifariki. Nilikwenda msibani. Nilifikiri huenda nitafukuzwa mlangoni, lakini Furaha, mwanamke mzima sasa, mnene kidogo, mwenye sare ya wauguzi wasaidizi chini ya kitenge, alinipa mkono na sahani ya wali. Kwenye karatasi ya ibada, chini ya majina ya watoto wa marehemu, jina la Amani lilikuwa limeandikwa pamoja na la dada yake. Baadaye nilimkuta jikoni akiosha masufuria, nikachukua kitambaa cha kukaushia, nikamwomba msamaha kwa maneno niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi ndani ya treni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ilikuwa vema mama ajue," alisema. "Alimlilia vile ilifaa. Na mimi nilipumua." Akasugua sufuria. "Lakini haikuwa yako ya kumwambia, Odette." Nikajibu, "Najua." Akanipa sufuria nyingine nikaushe. Mpaka leo sijui kama nimesamehewa.

Siku hizi shule ile imepata ukumbi mpya, hita za gesi zimeondolewa, na Waafrika hawatoshi tena kwenye ngazi za maktaba. Binti yangu yuko kidato cha kwanza hapo. Kiswahili anakisikia chote na hujibu kwa Kiingereza. Muhula huu wa majani kupukutika alikuja na karatasi ya kazi: waandike jambo kubwa lililoikuta familia. Aliketi mezani, akatafuna kalamu, kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ninayo hadithi yoyote ya huzuni ambayo angeweza kuitumia. Nilimwambia ninayo moja, lakini si yangu, na si yake. Nikamwambia aandike alichokiona kwa macho yake. Alinuna, kisha akaandika ukurasa na nusu kuhusu asubuhi treni ilipokwama Doonside na bibi mmoja akamgawia biskuti. Mwalimu alimpa alama za wastani, akaandika pembeni kwamba kazi ni nadhifu ila haina uzito. Binti yangu alitaka kuitupa. Niliichukua, nikaikunjua, nikaisoma tena nikiwa nimesimama jikoni, na kila neno ndani yake lilikuwa lake.