Ngiri ya Baba

Juzi, sokoni Tororo, nilimwona mzee mmoja akikohoa huku amebana tumbo kwa viganja viwili, nikamkumbuka baba alipotoka hospitali.

Tulikaa Busia, na baba alikuwa akivusha magunia mpakani kwa baiskeli. Watu walisema daktari amemtoa ngiri. Mimi ngiri niliyemjua ni yule mnyama mwenye meno yaliyopinda, sikuelewa alivyoingia tumboni.

"Asibebe kitu kizito," mama aliniambia akienda sokoni. "Akibeba, ngiri itarudi."

Alasiri hiyo wingu lilitanda ghafla, harufu ya vumbi lililolowa ikatufikia kabla ya mvua. Uani kulikuwa na gunia la mahindi, chakula chetu chote. Baba alitoka polepole, mkono ukutani, akainama kulishika.

Nilikimbia nikakaa juu ya gunia.

"Toka, mama," baba aliniambia, kama alivyozoea kuniita. "Mahindi yataloa."

"Sitoki! Atarudi!"

"Nani?"

"Ngiri."

Baba alianza kucheka, kicheko kikakatika akajikunja, uso umejaa jasho. Nilidhani nimemuua. Hatimaye alishusha pumzi, akaketi kizingitini akiniita niingie. Sikuingia. Mvua ilinipiga mimi na gunia mpaka mama akarudi mbio.

Leo najua ngiri ile haikuwa na meno, ila mshono mbichi kweli ungefumuka.

Mama alilitazama gunia, kisha baba, kisha mimi. Nikangoja kofi.

"Mahindi tutaanika tena," alisema, akinifuta kichwa kwa leso yake. "Baba yako tungemwanika wapi?"