Litungu la Babu, Kibomet

Mjomba wangu wa Lugulu alikubali kunikabidhi litungu la babu, kinubi cha jadi cha mti na ngozi, kwa sharti moja: mtu yeyote asizungushe pete za kitambaa zilizoshikilia nyuzi zake saba kwenye mti wa juu. Babu alizifunga mwenyewe kabla hajafariki, na hakuna aliyebaki katika ukoo wetu aliyejua kulilinganisha kwa sauti yake. "Hapo ndipo mkono wake ulipoishia," mjomba aliniambia.

Miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili nilikuwa katika shahada ya uzamili. Nilikusudia kupima pete, kurekodi sauti, kisha seremala wa Kibomet, huku Kitale, achonge malitungu mengine kwa mfano huo. Nilijua kwamba ngozi hukauka na nyuzi hulegea zenyewe. Pengine sauti ya babu ilikwisha kupotoka. Hata hivyo, alama za pete zilikuwa ushahidi pekee uliosalia. Nililiacha kwa mwenzangu wa masomo, niliyemweleza sharti lile neno kwa neno, nikaenda Bungoma kuazima kinasa sauti.

Niliporudi nilisikia wimbo wa kanisa ukipigwa kwa litungu tangu mlangoni.

"Sasa! Si nimelitengeneza?" alisema. "Lilikuwa linalia kama mbuzi, bana. Jumamosi tunalipiga kwa tamasha."

"Na pete?"

"Ati pete! Matambara yale? Nimetupa, nikaweka mapya."

Mti wa juu alikuwa ameupiga msasa na kuupaka vanishi. Nilipapasa kutoka ncha hadi ncha; palikuwa laini kote.

Jumamosi mjomba alifika kwenye tamasha akiwa amevaa koti lake la kanisani. Alilitazama litungu, kisha akauliza nani ameruhusu.

"Mzee, ni huyu," mwenzangu alijibu, akinielekeza kidole bila kupepesa macho. "Alisema niendelee tu."

Badala ya kukanusha, nilianza kupekua kila sentensi niliyowahi kumwambia, nikitafuta ile ambayo ingeweza kueleweka hivyo. Hadi nilipojiridhisha kwamba haipo, mjomba alikwisha kuuchukua ukimya wangu kuwa jibu.

"Mpwa wangu," alisema, "kama ulitaka mti na ngozi, si ningekutafutia vingine?"

Alilifunga kwa shuka, akarudi nalo Lugulu bila kuniaga.

Mwenzangu alimtazama akienda. "Lakini mwaka ujao atatuazima tena, ama?"