Bei Niliyompa Mungu

Jirani yangu hapa mjini hufua mabati, na kila akianza kugonga mimi huinuka kitini. Mume wangu hucheka, husema nimekalia siafu. Hajui kwamba mlio ule hunirudisha kijijini kwetu Mungaa, juu ya kichanja cha miti katikati ya shamba la uwele, debe tupu mapajani na koo limekauka kwa kupiga kelele.

Kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege, kuwafukuza wasile nafaka. Uwele ukianza kukomaa, kweleakwelea huja makundi kwa makundi, na shamba lisilo na mlinzi hubaki mabua matupu. Tulipanda kichanjani umande haujakauka, tukashuka jua likizama. Kazi hiyo niliipenda kwa sababu iliniruhusu kupayuka, jambo ambalo nyumbani lilinipatia makofi.

Msimu huo Mama alikuwa amelazwa hospitali, Singida mjini. Tumbo lilimvimba, nasi watoto hatukuambiwa zaidi. Ndiyo kwanza serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria: malori ya wanunuzi binafsi yalifika hadi kwetu, dukani kukajaa sabuni za kila rangi, na hospitalini mgonjwa akatakiwa aje na glovu na sindano zake. Baba kila alipotoka kumwona Mama alikaa kizingitini, akavua viatu polepole, akasema, "Siku hizi hakuna cha bure." Watu wote walisema hivyo. Nikaamini kwamba ndiyo sheria mpya, duniani na mbinguni.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa kama hajaisikia sheria hiyo. Kabla ya uji wa asubuhi alifumba macho na kusema, "Asante Baba wa mbinguni, unatupenda." Nilimchungulia kwa jicho moja, hasira zimenijaa. Anatupenda vipi, na Mama yuko vile? Nikaona Bibi hajui biashara. Nikapanda kichanjani nikamwambia Mungu waziwazi: mimi sitaacha ndege atue humu hata mmoja, na wewe umponye Mama.

Ndugu zangu, sijafanya kazi vile tena maishani. Viazi nilivitafuna nimesimama. Hata kwenda kujisaidia nilikwenda na debe, nikiligonga huko huko kichakani. Sauti ilipotea, nikabaki kukoroma kama chura. Bibi akacheka, "Mjukuu wangu, mwisho ndege wenyewe watakuonea huruma."

Hawakunionea. Walikuja alasiri kutoka upande wa porini, wengi hata jua likafifia. Nilirusha mawe kwa kombeo, nikapiga debe mpaka likapasuka. Walitua mbele ya macho yangu, wakala bila haraka yoyote. Walipoinuka, nilijua nimeshindwa bei.

Mama alifariki wiki hiyohiyo. Baba alimleta nyumbani juu ya lori la mnunuzi wa alizeti. Watu walilia, wakaimba, wakapika, na mimi nilizunguka kati yao sikai popote, kwa kuwa peke yangu nilijua sababu ya kifo kile.

Msiba ulipokwisha, Bibi alinichukua shambani tukaokoteze masuke yaliyosalia. Katikati ya mabua akasimama ghafla, akainua uso juu na kumfokea Mungu kwa Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani, "Umeona? Umeridhika? Mkwe wangu alikukosea nini?" Nilichutama nikingoja radi. Radi haikuja, ndipo nikashindwa kuvumilia.

"Bibi, usimgombeze. Ni mimi. Nilimwahidi ndege hawatatua, wakatua."

Aliketi chini kwenye vumbi na kunivuta mapajani.

"Nani kakwambia Mungu anauza?"

"Baba kasema hakuna cha bure."

"Baba yako anasema ya hospitali. Mama yako tulimnunua wapi? Tulipewa tu."

"Mbona kamchukua sasa?"

 Machozi yalimtiririka Bibi, hakuyafuta. "Sijui, mjukuu wangu. Ndiyo maana namgombeza."

Asubuhi iliyofuata, mbele ya uji mwepesi wa masuke yale, alisema maneno yaleyale: "Asante Baba wa mbinguni, unatupenda." Safari hii alisema kwa sauti ya mtu aliyenuna.

Kwa miaka mingi nilidhani jambo mojawapo lilikuwa uongo, ile shukrani au ule ukali. Nilikuja kuelewa siku mwanangu mwenyewe alipolazwa. Nilitembea ukumbi wa wodi kwenda na kurudi, na nikajikuta nimeshaanza: Mungu, ukimponya, mimi nita... Nikafunga mdomo. Halafu, mimi niliyezoea kusali Kiswahili kizuri cha kanisani, nikamfokea kwa Kinyaturu, kama anavyofokewa mtu wa nyumbani. Mpita njia humnunii.

Mwanangu alipona. Sikumlipa Mungu kitu kwa ajili yake. Na hapo ndipo, nikiwa mtu mzima mwenye mvi, nilipojua kwa moyo wote kwamba hata Mama hakufa kwa sababu ya ndege.