Ami Hamoud na Ukomo wa Mishahara

Kamati ya klabu yetu ya mpira hapa Ibra ina watu tisa na akili ya mmoja, naye amelala. Maneno hayo si yangu, ni ya ami Hamoud, ndugu wa baba yangu. Aliyasema kila Ijumaa baada ya alasiri kwenye sabla yake, kile chumba cha kupokelea wanaume kando ya nyumba. Tulikuwa tukienda watu kumi, kumi na mbili, wenye Kiswahili na wasio nacho, kwani kwa kumtukana mtu kwa adabu ami hana mshindani mkoa mzima wa Sharqiyah.

Ni mstaafu wa upimaji ardhi serikalini. Alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akaletwa Omani akiwa na miaka kumi na minne, akaishi Maskati miaka arubaini na ushei pamoja na watu wa Unguja wenziwe, wakinywa kahawa yao na visheti vyao. Ibra, kwa babu zetu, kaja juzi tu, alipostaafu. Kiarabu chake kina lafudhi ya Malindi mpaka leo, na mtu akimwita Mzinjibari, yaani mtu wa kuja kutoka Unguja, uso humwiva.

Msimu uliopita ligi iliweka ukomo wa mishahara: kila klabu na kiwango chake, kuvuka marufuku. Mtu mwenye akili angegawa. Wadhah, mwenyekiti wetu, mwenye duka la matairi, alichukua zaidi ya nusu akampa Mbrazili mmoja mwenye goti bovu. Mechi nne akacheza, ya tano akachechemea, na tangu hapo tukawa tunamwona mkahawani tu, anakula samaki.

"Muuza matairi mzima," ami akasema, "hajui hata kununua kitu kisicho na pancha!" Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: timu haikushuka daraja. Lakini aliyeiokoa ni golikipa, si kamati. Naye ni Azzam, mtoto wa ami, kijana wa miaka ishirini na nne aliyelipwa makombo yaliyobaki. Mkataba wake ulipokwisha, klabu kubwa ya Maskati ikamwita. Ikampa mpaka Jumapili aseme ndiyo, la sivyo wanamchukua mwengine. Azzam alikuwa hali, halali, anaisubiri Jumapili.

Ami akaapa mbele yetu. "Wallahi mwanangu hatawadakia tena hawa majuha. Na huyo Wadhah aje hapa! Mie nitamweleza kamati yake ni kitu gani, neno kwa neno."

Ijumaa ile Wadhah akaja kweli, kanzu imepigwa pasi, udi unamtangulia mlangoni. Azzam, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa nyumba, alikuwa amesimama na birika anawamiminia wageni. Wadhah akapokea kikombe chake, asikinywe. Akakiweka chini mbele ya magoti yake.

Sisi tuliozaliwa huku tulielewa. Kwa watu wa hapa, mgeni akiiweka kahawa chini ana haja, na hainywi mpaka ajibiwe. Ukitaka kumkatalia, jibu haja yake na kikombe usikitaje. Ukimwambia anywe, umeshampa haja yake.

"Abu Azzam," akasema Wadhah, "nimekuja kwa ajili ya kijana. Abaki na sisi msimu mmoja, kwa mshahara ule ule. Ukomo hauniruhusu kuzidisha."

Ukomo! Nani aliyeumaliza kwenye goti la Mbrazili? Nikamwona ami anajikohoza, hotuba iko tayari. Lakini ami ni mtu wa Malindi, na kwao mgeni hatukanwi kabla hajatia kitu kinywani. Nikamkazia macho. Hakunitazama.

"Kunywa kwanza, bwana," akasema kwa Kiarabu chake, kwa ukarimu wote. "Kahawa inapoa."

Wadhah akainywa kwa funda moja, akainuka, akamwombea ami heri na umri mrefu, akatoka haraka kabla mtu hajapata la kusema. Ami akabaki kinywa wazi.

"Umempa, Hamoud," jirani mmoja mzee akamwambia. "Sote tumesikia."

Azzam akamgeukia baba yake, birika bado mkononi. "Baba," akasema, "wewe ulikuwa unajua?"

Neno moja tu lingemwokoa Azzam. Ami angesema hakujua, ningemkimbilia Wadhah kabla hajawasha gari, na hakuna mtu Ibra anayemfunga mtu kwa desturi asiyoijua. Lakini angekuwa amekiri mbele ya watu wa Ibra kwamba yeye ni mgeni kwao. Akatutazama usoni, mmoja mmoja.

"Nilijua," akasema. "Miaka khamsini mie nipo nchi hii, nisijue?"

Azzam akaliweka birika chini, akambusu baba yake kichwani, akatoka uani kupiga simu Maskati. Tulimsikia akiwaambia kwamba si suala la mshahara, baba yake ameshatoa neno na yeye hawezi kumvunjia heshima. Aliyasema kwa fahari, masikini. Nami niliyejua kwamba baba yake amesema uongo nilikaa pale pale, namdharau ami, najidharau mwenyewe, na mdomo sikuufungua.